Hosti ya kawaida au seva ya wingu? Mwongozo kwa wenye biashara wa Arusha na Moshi

Masika yakianza, wageni wakapungua na magari ya safari yakaingia gereji, simu yangu huita kuliko miezi mingine yote. Wenye kampuni za utalii hapa Arusha wamepata nafasi ya kukaa ofisini, wamefungua tovuti zao, wameona zinasuasua, na swali ni lile lile: "Kaka, si tuhamie kwenye wingu sasa?" Wenye maduka na hoteli wa Moshi nao huuliza, mara nyingi baada ya mtu kuwaambia kwamba hosti ya kawaida, ile seva moja inayobeba tovuti za watu wengi, imepitwa na wakati.

Mimi huwajibu kwa swali: tovuti ikizimika saa nane usiku, nani ataamka? Saa nane usiku kwetu, majira yao ya joto, ni saa moja jioni New York. Mtu ametoka kazini, amekaa na mwenzake, wanatafuta kampuni ya kuwapandisha Kilimanjaro. Kama huyo wa kuamka hana jina, seva ya wingu bado si yako, hata uwe na fedha kiasi gani. Yanayofuata ni utaratibu ninaoufuata mwenyewe nikikaa na mteja, na swali hilo litarudi njiani mara kadhaa.

Hatua ya 1: Jua kilicho chako ni kipi

Kabla ya kuzungumzia seva, tafuta majibu ya mambo matatu: kikoa chako, yaani lile jina linaloishia na .co.tz au .com, kimesajiliwa kwa jina la nani. Barua pepe ya ofisi inakaa wapi. Na nywila za paneli ya hosti ziko kwa nani. Andika kwenye karatasi.

Nimekuta biashara za miaka kumi ambazo kikoa chake kimesajiliwa kwa jina na barua pepe binafsi ya kijana aliyetengeneza tovuti, na kijana huyo amekwishahamia mji mwingine na kubadilisha namba. Mara nyingi hana nia mbaya. Alirahisisha kazi tu. Lakini kikoa kikiisha muda, taarifa ya kuhuisha inakwenda kwake, na wewe utajua siku tovuti na barua pepe vinapokatika pamoja. Vikoa vya .tz huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Mwandikie msajili wako, omba jina la kampuni na barua pepe ya kampuni viwekwe kama mmiliki. Hilo lifanyike hata kama hutahama kwenda popote.

Ushauri ninaousimamia kila siku: kikoa kisajiliwe sehemu moja, tovuti ikae sehemu nyingine, barua pepe sehemu ya tatu. Ukigombana na mmoja, au mmoja akianguka, hukosi vyote kwa mkupuo.

Hatua ya 2: Pima ugonjwa kabla ya kununua dawa

Tovuti nyingi zinazolalamikiwa kwa uzito haziumwi na hosti. Zinaumwa na picha. Mpiga picha amekuja na kamera nzuri, amepiga tembo wa Tarangire, faili moja lina megabaiti 8, nalo limepandishwa kama lilivyo. Ukurasa wa mwanzo una picha kumi na mbili za namna hiyo. Uhamishie seva yoyote duniani, mgeni mwenye simu atazisubiri zote zishuke.

Pima hivi. Fungua PageSpeed Insights ya Google, weka anwani ya tovuti yako, kisha tazama mambo mawili. La kwanza ni uzito wa ukurasa mzima. Ukizidi megabaiti 3, anza na picha: zipunguze upana hadi pikseli 1,600 hivi na uzibadilishe ziwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. La pili ni muda ambao seva inachukua kabla ya kutoa herufi ya kwanza. Kama picha ni nyepesi lakini herufi ya kwanza inachukua sekunde mbili au tatu, hapo seva au programu iliyo ndani yake ina tatizo.

Kama paneli yako ya hosti ni cPanel, ingia utafute ukurasa wa matumizi ya rasilimali. Watoa huduma wengi huweka mipaka ya prosesa, RAM na idadi ya kazi zinazoweza kufanyika kwa wakati mmoja, na ukurasa huo huonyesha ni mara ngapi umegonga ukuta. Ukiona umegonga mara nyingi kila siku, kwa wiki kadhaa, umepata sababu halali ya kuhama. Ukiona hujawahi kugonga, usihame kwa sababu ya kasi. Zima plagini (programu ndogo zilizoongezwa kwenye tovuti) usizozitumia, weka plagini moja ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa, kisha pima tena.

Kazi ya hatua hii huchukua mchana mmoja. Imewahi kuwaokoa wateja wangu kadhaa na gharama ambayo hawakuwa na haja nayo.

Hatua ya 3: Elewa unachopanga

Waliowahi kupanga chumba kwenye nyumba yenye luku moja wataelewa haraka. Hosti ya kawaida ni chumba hicho. Seva moja inabeba tovuti mamia, kila mmoja ana chumba chake, umeme na maji ni vya pamoja. Mwenye nyumba anashughulikia paa, geti na mlinzi. Unalipa kidogo, unalipa kwa mwaka, na huulizwi kuhusu mabomba. Lakini jirani akiwasha pasi, jiko na hita kwa pamoja, taa zako nazo hufifia. Ndiyo sababu mwenye nyumba ameweka ile mipaka ya Hatua ya 2.

Seva ya wingu ni nyumba yenye luku yako. Kampuni yenye mashine nyingi hukukatia kipande: kiasi fulani cha prosesa, RAM na diski, unachoweza kukiongeza au kukipunguza kwa dakika chache, na malipo huhesabiwa kwa saa au kwa mwezi. Amazon ilianza kuuza seva za namna hii mwaka 2006. Leo kuna Microsoft, Google, DigitalOcean, Hetzner na wengine wengi. Funguo zote unapewa wewe. Nao mlango ukiachwa wazi, umeuacha wazi wewe.

Katikati yake kuna aina ya tatu ambayo watu huisahau: seva ya wingu iliyo na mtunzaji. Unalipia seva, na juu yake unalipia kampuni inayoifunga vizuri, kuisasisha na kuiamsha ikilala. Ni ghali kuliko zote mbili ukitazama ankara peke yake, lakini kwa hoteli yenye vyumba 40 isiyo na mtu wa kompyuta, mara nyingi hapo ndipo ninapoishia.

Na ile kompyuta iliyo chini ya meza ya ofisi Njiro, ambayo mtu amekuambia inaweza kuwa seva? Iache. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika.

Hatua ya 4: Wateja wako wamekaa wapi?

Hapa ndipo biashara mbili za ukanda mmoja zinaweza kuhitaji majibu yanayopingana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ukurasa wenye kufuli ya HTTPS hauanzi kushuka mpaka simu na seva ziwe zimesalimiana, kwa kawaida mara tatu: ya kufungua njia, ya kufunga kufuli, na ya kuomba ukurasa wenyewe. Kati ya Arusha na Frankfurt, kwenda na kurudi mara moja kwa kawaida huzidi milisekunde 100, kwa sababu kebo hazipiti kama ndege; zinazunguka na bahari. Zidisha kwa tatu, kisha ongeza kila faili linaloombwa baadaye.

Sasa chukua kampuni ya utalii ya Sakina. Wanaosoma tovuti yake wako Berlin, London na Chicago. Ukiiweka Dar es Salaam kwa hoja kwamba sisi tuko Tanzania, kila Mjerumani atavuka bahari ili aone bei ya siku sita njia ya Machame. Tovuti hiyo ikae Ulaya, au mashariki mwa Marekani kama wateja wengi wako huko. Wewe mwenye kampuni utaiona nzito kidogo ukiwa ofisini, na uvumilie. Haikutengenezwa kwa ajili yako.

Chukua upande wa pili: duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, lenye matawi Himo na Boma Ng'ombe, linalotumia mfumo wa mauzo na stoo unaofunguliwa kwenye kivinjari. Wanaoutumia wote wako Kilimanjaro. Huyu seva yake ikae nchini. Tuna vituo vya kubadilishana trafiki ya intaneti Dar es Salaam na hapa Arusha penyewe, kiitwacho AIXP, ambavyo huwezesha data kati ya mitandao ya ndani kubaki ndani bila kuzungukia nje na kurudi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye mfumo wa duka uliowekwa nje ya nchi alikuwa na muuzaji kaunta asiyeweza kutoa risiti. Kampuni ya utalii yenye tovuti Frankfurt haikupoteza msomaji wa Ujerumani hata mmoja, ingawa ofisi yake haikuweza kumjibu. Kwa hiyo jiulize: kebo ikikatika tena, nani lazima aendelee kufanya kazi, mteja au mfanyakazi? Seva iwe karibu na huyo.

Watu husema, basi tuweke Afrika Kusini tuwe katikati. Amazon ina kituo Cape Town tangu 2020, Microsoft iko Johannesburg tangu 2019, na Google walifungua chao Johannesburg mwaka 2024. Ni vituo vizuri kwa wenye wateja huko. Kwa Arusha, Cape Town ni safari nyingine ya kebo ya baharini, na kebo za siku ile zilikatika upande huohuo.

Kwa wenye wateja kila pembe, weka Cloudflare mbele ya tovuti. Huhifadhi nakala za picha na faili zisizobadilika kwenye vituo vyake duniani, kimoja kikiwa Dar es Salaam, na kiwango chake cha bure kinatosha biashara nyingi ndogo. Unaweza kuiweka hata ukiwa kwenye hosti ya kawaida. Kuna wateja ambao baada ya hili tu, habari ya kuhama iliisha.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote, siyo ya seva peke yake

Nitumie mfano. Seva ndogo ya DigitalOcean yenye RAM ya gigabaiti 2 ni dola 12 kwa mwezi. Bakapu zao za kila wiki huongeza asilimia 20. Kwa mwaka ni dola 172.80, na tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi 432,000. Hapo mwenye biashara husema, "Kumbe ni nafuu!"

Subiri. Seva hiyo haina paneli. Ukitaka cPanel, leseni yake hulipiwa peke yake, na tangu 2019 bei hupanda kadiri akaunti zinavyoongezeka. Haina barua pepe. Na haina mtu. Ukimlipa kijana shilingi 100,000 kwa mwezi kwa saa chache za kuitunza, umeongeza 1,200,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya seva yenyewe. Usipomlipa, gharama haijaondoka. Imeahirishwa mpaka siku tovuti itakapodukuliwa, tena huenda ikawa Julai.

Halafu kuna trafiki inayotoka. Kampuni kubwa kama Amazon hukupa gigabaiti 100 za bure kwa mwezi, kisha hutoza takriban senti 9 za dola kwa kila gigabaiti kutoka vituo vya Ulaya na Marekani. Weka video ya droni ya megabaiti 60 kwenye ukurasa wa mwanzo, itazamwe mara 5,000 kwa mwezi: ni gigabaiti 300. Gigabaiti 200 zilizozidi zitakugharimu dola 18, zaidi ya seva yenyewe katika mfano wetu. Ipandishe video YouTube, uiweke kwenye ukurasa kutokea huko.

Bei ya hosti ya kawaida nayo ina mtego wake: bei ya mwaka wa kwanza na bei ya kuhuisha ni vitu viwili. Soma ya pili. Uliza kama VAT imo. Na ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 isikutie usingizi, maana inaruhusu dakika 43 hivi za kuzimika kila mwezi.

Mwisho ni kadi. Watoa huduma wengi wa nje wanataka kadi ya Visa au Mastercard inayolipa kila mwezi bila kuulizwa. Kadi nyingi za benki zetu lazima zifunguliwe kwanza kwa manunuzi ya mtandaoni, zina ukomo wa siku, na huisha muda. Kadi ikikataa, seva husimamishwa, na baada ya muda hufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kama malipo ya dola ni shida ofisini kwako, hosti ya nchini unayoilipia kwa simu mara moja kwa mwaka ina thamani ambayo jedwali la bei haliionyeshi.

Hatua ya 6: Mtaje mtunzaji

Rudi kwenye swali la saa nane usiku, sasa kwa kalamu. Andika jina la mtu, namba yake, jina la msaidizi wake, na kazi hizi ambazo kwenye seva ya wingu hakuna atakayezifanya kwa niaba yako: kusasisha mfumo endeshi kila wiki, kufunga milango yote ya mtandao (port) kwenye ukuta wa moto isipokuwa inayohitajika, kuingia kwa funguo za SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) na kuzima uingiaji kwa nywila, kuangalia diski isijae, kuhakikisha cheti cha SSL, kile cha kufuli ya HTTPS, kinajihuisha. Cheti cha bure cha Let's Encrypt hudumu siku 90 au pungufu, na tovuti nyingi huonekana na onyo jekundu si kwa sababu zimevamiwa, bali kwa sababu hakuna aliyekihuisha.

Seva mpya ikishaunganishwa na intaneti huanza kugongwa mlango na roboti zinazojaribu nywila mapema sana. Sikutishi, ndivyo ilivyo kwa kila seva duniani. Kwenye hosti ya kawaida, mwenye nyumba anazizuia wewe ukiwa umelala.

Ukifika hapa, kwa kawaida uamuzi umeshajifanya wenyewe. Tovuti ya maelezo na fomu ya maulizo, bila mtu wa kompyuta: baki kwenye hosti ya kawaida, tafuta iliyo bora, ongeza Cloudflare. Mfumo wa kupokea malipo na nafasi za vyumba, au mfumo wa chama cha ushirika unaopokea uzito wa kahawa kutoka vituo vingi msimu wa mavuno: seva ya wingu, pamoja na mtunzaji aliyetajwa kwa jina, au ile aina ya tatu. Tovuti inayoelemewa kwa wiki moja tu, kama wakati wa maonyesho ya Karibu-KiliFair mwezi Juni: zungumza kwanza na mtoa huduma wako akupandishe kifurushi kwa miezi michache.

Hatua ya 7: Tenga barua pepe kwanza

Hili linaniuma, kwa hiyo nitalieleza lilivyotokea. Nilihamisha tovuti ya lodge moja upande wa Usa River kwenda seva ya wingu. Nilibadilisha seva za majina, zile zinazoiambia dunia kikoa kinaelekea wapi, tovuti ikafunguka vizuri, nikaenda nyumbani nimeridhika. Sikunakili rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe. Barua zikawa zinatumwa kwenye seva mpya ambayo haikuwa na huduma ya barua kabisa. Hazikurudi kwa watumaji mara moja. Zilikwama njiani zikijaribu tena na tena, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kwa siku mbili. Wakala mmoja wa Ujerumani aliyekuwa akisubiri uthibitisho wa vyumba aliwapa wengine kundi lake. Mama mwenye lodge hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hukujua kwamba barua ndizo duka letu?" Tangu siku hiyo barua pepe naishughulikia kwanza, tovuti baadaye.

Kwenye hosti ya kawaida, barua pepe na tovuti huishi chumba kimoja. Ukihama, usijaribu kuendesha barua pepe kwenye seva yako ya wingu. Watoa huduma wengi wameufunga mlango namba 25 wa kutuma barua ili kuzuia barua taka, na hata ukifunguliwa, anwani mpya haiaminiki. Nunua huduma ya barua peke yake, Google Workspace au Microsoft 365 au Zoho, au acha barua kwenye hosti ya zamani na uhamishe tovuti tu. Weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Subiri wiki nzima barua ziende na kurudi bila kasoro, ndipo uguse tovuti.

Na ile fomu ya maulizo kwenye tovuti: kwenye seva mpya inaweza kusema "asante, tumepokea" huku haijatuma kitu. Iunganishe na huduma ya barua kupitia mlango ambao mtoa huduma wa seva hajaufunga, mara nyingi 587, kisha ijaze mwenyewe uone kama inafika.

Hatua ya 8: Taarifa za wageni

Kampuni ya kupandisha mlima hukusanya nakala za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, na fomu za afya: nani ana pumu, nani ana shinikizo la damu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ukiweka seva Ulaya, umezipeleka nje. Haikatazwi kwa ujumla wake, lakini masharti hayo yasome na Tume au mwanasheria kabla ya kulipia seva.

La kiufundi ni moja, na ni la leo: plagini nyingi za fomu huhifadhi nakala za pasipoti kwenye folda ileile ya picha za tovuti, ambako yeyote mwenye kiungo anaweza kuzifungua. Nenda kaangalie. Zitoe, uziweke mahali panapohitaji kuingia kwa nywila, na ufute zile za wageni waliokwisha kurudi kwao ambazo hakuna sheria inayokudai uzitunze.

Hatua ya 9: Bakapu inayokaa nyumba nyingine

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani. Waliokuwa na bakapu katika eneo lilelile, wengine walipoteza kila kitu. Wingu ni jengo, lina paa, na linaungua.

Kwa hiyo ile bakapu ya asilimia 20 inasaidia ukikosea mwenyewe, lakini haikukingi na mtoa huduma akianguka au akaunti yako ikifungwa. Kila usiku, nakala ya hifadhidata na faili iende kwa kampuni nyingine. Mara moja kwa mwezi, nakala moja ishuke kwenye diski ya ofisini. Na kila baada ya miezi mitatu, ifungue: tengeneza seva ya muda, irudishe tovuti nzima, itazame kwa macho. Malipo ya seva ya wingu huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo jaribio hilo hugharimu chini ya bei ya soda.

Hatua ya 10: Siku ya kuhama

Chagua Aprili au mwanzoni mwa Mei, kabla msimu haujaamka. Siku iwe Jumanne au Jumatano, usiguse Ijumaa. Saa itafute kwenye takwimu za tovuti yako: kama wasomaji wengi ni Wamarekani, saa nne asubuhi ya Arusha ni saa tisa usiku New York majira yao ya joto. Kama wengi ni Wazungu wa Ulaya, anza alfajiri.

Siku moja kabla, ingia kwenye rekodi za DNS, zile zinazoonyesha kikoa chako kinaelekea wapi, ushushe TTL, yaani muda ambao mitandao mingine huikumbuka anwani yako, iwe sekunde 300. Kwenye cPanel kwa kawaida ni 14,400, yaani saa nne nzima ambazo dunia itaendelea kwenda anwani ya zamani. Nakili rekodi zote kwenye karatasi, MX zikiwa za kwanza.

Jenga tovuti kwenye seva mpya huku ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Kisha idanganye kompyuta yako: kwenye Windows, fungua faili la hosts lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, andika anwani ya IP ya seva mpya, kisha kikoa chako kwenye mstari huohuo, nawe peke yako utaiona tovuti mpya kwa jina lake halisi. Bofya kila kiungo. Jaza fomu. Jaribu malipo kwa kiasi kidogo. Mpe na mwenzako afanye hivyo, maana jicho lako limezoea.

Saa ikifika, funga upokeaji wa maombi kwenye tovuti ya zamani kwa nusu saa, nakili hifadhidata kwa mara ya mwisho, badilisha rekodi ya A, inayoelekeza kikoa kwenye seva, kisha uchukue cheti cha SSL. Ondoa ule mstari kwenye faili la hosts. Ukiusahau, siku seva ikibadilika tena utakuwa unaona tofauti na wateja wako. Fungua tovuti kwa simu yenye bando, siyo kwa Wi-Fi ya ofisi. Mwombe rafiki aliye Ulaya naye afungue. Tuma barua pepe kwenda na kurudi, angalia ile ya fomu imefika.

Rudisha TTL baada ya siku mbili. Hosti ya zamani iache hewani siku 30 hata kama unailipia na huitumii. Katika siku hizo, mtu wa uhasibu hukumbuka faili moja la 2019 ambalo lilikuwa huko peke yake. Siku ya 31, shusha nakala ya mwisho ya kila kitu, ifungue uhakikishe imekamilika, ndipo umwandikie mtoa huduma wa zamani barua ya kusitisha.